Uliza Hali ya Mechi Kwanza: Kusoma Mlisho wa XML na Kuonyesha Matokeo kwenye Tovuti

Machi 8, 2025, Yanga na Simba walikuwa wakutane Uwanja wa Benjamin Mkapa. Saa chache kabla ya kipenga, Bodi ya Ligi ya Tanzania ikatangaza kuuahirisha mchezo, baada ya Simba kulalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya siku iliyotangulia na kusema hawatacheza. Mechi ikaja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0. Kwa zaidi ya miezi mitatu, basi, mchezo huo ulikuwa kwenye ratiba, una timu mbili na una tarehe, lakini hauna bao kwa sababu haukuwa umechezwa. Programu ya tovuti iliyoandikwa kwa pupa ikiikuta mechi ya namna hiyo haisiti hata kidogo. Inachapa "Yanga 0 – 0 Simba" na kuendelea na mechi inayofuata.

Kosa hilo halitokani na ugumu wa teknolojia. Kupitia orodha ya mechi moja baada ya nyingine ni mstari mmoja wa programu, na mwanafunzi wa wiki ya pili anauandika. Kazi yenyewe ni kujua kila mechi inasema nini kabla hujaichapa. Makala haya ni kwa mtu mwenye tovuti ya klabu, ya redio ya mtaa au ya habari za michezo, anayejua HTML na PHP kiasi cha kubadilisha hiki na kile, na anayetaka ukurasa wake uonyeshe matokeo bila mtu kuyaandika kwa mkono. Nimechagua PHP kwa sababu ndiyo inayopatikana karibu kwenye kila seva ya bei nafuu, na kifaa chake cha kusomea XML, SimpleXML, kimekuwa sehemu yake tangu toleo la 5 la mwaka 2004.

Mlisho ni faili tu. Unakaa kwenye seva ya kampuni inayokusanya matokeo, una anwani yake kama ukurasa wowote, na yaliyomo yanabadilika kadiri mechi zinavyoendelea. XML ni namna ya kuyapanga yaliyomo kwa lebo zinazofunguka na kufunga. Kanuni zake zilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998. Siku hizi wauzaji wengi wa takwimu wanatoa pia JSON, na ukipewa hiari kati ya hizo mbili, JSON ni nyepesi zaidi. Lakini vyumba vya habari vina mitambo ya miaka mingi iliyozoea XML, na wachapishaji wa habari wana hata kiwango chao cha pamoja cha michezo, SportsML, kinachosimamiwa na IPTC, shirika la viwango vya habari la London. Kwa hiyo XML bado utakutana nayo, hasa ukinunua huduma kwa wakala mkongwe.

Huu hapa mlisho mfupi. Majina ya lebo nimeyaweka kwa Kiswahili ili tusomane. Yako karibu hakika yatakuwa ya Kiingereza, ila umbo ni lile lile.

```
<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<ratiba>
  <mechi id="501" hali="imekwisha" kuanza="2022-12-18T15:00:00Z">
    <mwenyeji>Argentina</mwenyeji>
    <mgeni>Ufaransa</mgeni>
    <mabao aina="kawaida" mwenyeji="2" mgeni="2"/>
    <mabao aina="nyongeza" mwenyeji="3" mgeni="3"/>
    <mabao aina="penalti" mwenyeji="4" mgeni="2"/>
  </mechi>
  <mechi id="502" hali="imeahirishwa" kuanza="2025-03-08">
    <mwenyeji>Yanga</mwenyeji>
    <mgeni>Simba</mgeni>
    <mabao aina="kawaida" mwenyeji="" mgeni=""/>
  </mechi>
</ratiba>
```

Mechi ya kwanza ni fainali ya Kombe la Dunia kule Lusail, Qatar. Nimeileta makusudi kwa sababu ina kila vurugu: 2–2 baada ya dakika 90, 3–3 baada ya 120, kisha Argentina wakatwaa kombe kwa mikwaju 4–2. Ya pili ndiyo dabi yetu ya Machi. Angalia pia kwamba taarifa nyingine ziko ndani ya lebo, kama jina la timu, na nyingine zimeandikwa kama sifa ubavuni mwa lebo, kama hali na muda wa kuanza. SimpleXML inazisoma kwa njia mbili tofauti: mshale kwa kilichomo ndani, mabano ya mraba kwa sifa. Anayechanganya hizo mbili hapati onyo lolote. Anapata nafasi tupu.

Kabla ya kuusoma mlisho, lete nakala yake nyumbani. Wengi huanza vibaya hapa: wanaandika ukurasa unaokwenda kwa muuzaji kila unapofunguliwa. Siku ya kawaida utaona mambo shwari. Siku ya dabi, watu 5,000 wakifungua ukurasa ndani ya dakika moja, seva yako inamgongea muuzaji mlango mara 5,000 kuomba faili lile lile. Atakufungia, na ana haki. Isitoshe, akichelewa kujibu sekunde 20, na wewe umechelewa sekunde 20, na msomaji mwenye bando la kupimapima ameshaondoka.

Tenganisha kazi mbili. Programu ya kwanza inaamshwa na saa ya seva, ile inayoitwa cron, tuseme kila dakika moja wakati wa mechi na kila nusu saa siku nyingine. Inachukua mlisho, inaukagua, inauhifadhi kwenye faili lako. Ya pili, yaani ukurasa wenyewe, inasoma faili hilo tu na haijui kama muuzaji yupo. Mpe programu ya kwanza kikomo cha kusubiri, sekunde 5 zinatosha. Muuzaji akitoa alama ya ETag kwenye majibu yake, ihifadhi na umrudishie ombi linalofuata kwa kichwa cha If-None-Match: kama hakuna kilichobadilika atakujibu 304 bila kukutumia faili zima. Na usiandike mlisho mpya moja kwa moja juu ya ule wa zamani. Uandike kwenye faili la pembeni, hakikisha unasomeka, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Vinginevyo kuna msomaji atakayefika wakati faili limeandikwa nusu.

Wapo watakaouliza kwa nini yote haya yasifanywe kwenye kivinjari cha msomaji kwa JavaScript. Kwa sababu kivinjari hukataa kusoma faili la seva nyingine isipokuwa seva hiyo imeruhusu, na kwa sababu ufunguo wa huduma aliokupa muuzaji utakuwa umeuanika hadharani kwa yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa. JavaScript iache ije mwishoni, kuomba jedwali lililokwisha kupikwa kutoka kwenye seva yako mwenyewe.

Sasa kitanzi, yaani sehemu inayopitia mechi moja baada ya nyingine:

```
libxml_use_internal_errors(true);
$xml = simplexml_load_file('kache/matokeo.xml');
if ($xml === false) {
    echo 'Matokeo hayapatikani kwa sasa.';
    return;
}
foreach ($xml->mechi as $m) {
    echo '<tr><td>' . salama($m->mwenyeji) . '</td>';
    echo '<td>' . salama(matokeo($m)) . '</td>';
    echo '<td>' . salama($m->mgeni) . '</td></tr>';
}
```

Kitanzi kinapita kama konda ndani ya daladala, abiria kwa abiria, na kila kinapofika kinakuwa na mechi moja tu mkononi, ile iliyoitwa `$m`. Mstari wa juu kabisa unazuia makosa ya XML yasimwagike kwenye ukurasa mbele ya wasomaji. Alama tatu za usawa kwenye `=== false` zina maana: lebo tupu katika SimpleXML nayo huhesabiwa kuwa uongo, kwa hiyo anayeuliza kwa mkato anaweza kukataa mlisho ulio mzima kwa sababu tu leo hakuna mechi.

Kilichobaki ni kazi mbili (function) nilizoziita ndani ya kitanzi, `salama` na `matokeo`. Ya kwanza ni fupi:

```
function salama($x) {
    return htmlspecialchars((string) $x, ENT_QUOTES, 'UTF-8');
}
```

Ipo kwa ajili ya klabu kama Brighton & Hove Albion. Ile alama ya & ina kazi maalumu katika XML na katika HTML pia. Ndani ya mlisho inapaswa kuandikwa `&amp;`, na muuzaji akisahau, faili zima halisomeki: mechi zote zinapotea kwa ajili ya klabu moja ya pwani ya kusini ya Uingereza. SimpleXML ikishaisoma vizuri inakurudishia & tupu, nawe ukiichapa lazima uivishe tena. Sababu nyingine ni usalama. Usichape kwenye ukurasa wako maandishi ya mtu mwingine bila kuyachuja, hata kama unamlipa. Kwa mantiki hiyo hiyo, usiweke chaguo la LIBXML_NOENT unapofungua mlisho kwa sababu tu umeliona kwenye mfano wa mtu; linaruhusu faili la nje kuvuta mafaili ya ndani ya seva yako.

Kazi ya pili ndiyo iliyobeba makala haya.

```
function matokeo($m) {
    $hali = (string) $m['hali'];
    if ($hali === 'bado')         return saa((string) $m['kuanza']);
    if ($hali === 'imeahirishwa') return 'Imeahirishwa';
    if ($hali === 'imevunjika')   return 'Imevunjika';

    $zenye = ['inaendelea', 'mapumziko', 'imekwisha'];
    if (!in_array($hali, $zenye, true)) return '–';

    $mabao = [];
    foreach ($m->mabao as $b) {
        $w = trim((string) $b['mwenyeji']);
        $g = trim((string) $b['mgeni']);
        if ($w === '' || $g === '') continue;
        $mabao[(string) $b['aina']] = $w . '–' . $g;
    }
    $jibu = $mabao['nyongeza'] ?? $mabao['kawaida'] ?? '–';
    if (isset($mabao['penalti'])) {
        $jibu .= ' (pen. ' . $mabao['penalti'] . ')';
    }
    return $jibu;
}
```

Soma mpangilio wake. Hali inaulizwa kabla ya kitu chochote, na mabao hayaguswi mpaka hali iwe mojawapo ya tatu zinazoruhusiwa kuwa na mabao. Muuzaji akibuni hali mpya kesho bila kukuambia, ukurasa utaonyesha kistari, na kistari hakijamdanganya mtu. Watu hupenda kuandika kinyume chake, yaani kuchapa mabao isipokuwa hali ikiwa hivi au vile, na ndipo dabi iliyoahirishwa inapogeuka sare.

Sifuri ile inatoka wapi hasa? Inatoka kwenye kitu kidogo sana. Ukiiambia PHP igeuze maandishi matupu kuwa namba kwa `(int)`, inakupa 0 bila kunung'unika. Kwa hiyo `mwenyeji=""` na `mwenyeji="0"` zinakuwa kitu kimoja, ilhali ya kwanza inasema "sijui" na ya pili inasema "dakika zimekwenda na nyavu hazijatikisika". Ndiyo maana nimeyaacha mabao yabaki maandishi na nimepima utupu kwanza. Ugeuze kuwa namba pale tu unapotaka kuhesabu, mathalani pointi za msimamo, na hapo tena baada ya kujua kwamba mechi imekwisha.

Fainali ya Lusail inaonyesha kwa nini mabao yana aina. Mlisho mmoja utakupa jumla ya mwisho peke yake, 3–3, na mshindi kwenye sifa nyingine. Mwingine utakupa mafungu matatu kama mfano wetu. Wa tatu utakuwa umejumlisha penalti ndani ya mabao na kuandika 7–5, jambo ambalo shabiki yeyote atakucheka nalo. Kabla ya kuandika mstari wowote, tafuta kwenye mlisho wako mechi moja ya mtoano iliyoamuliwa kwa mikwaju na uone imeandikwaje. Ukiwa na mlisho wa SportsML, hali utaikuta kwenye `event-status`, ikiwa na thamani kama `pre-event`, `mid-event` na `post-event`, na mabao yako kwenye sifa ya `score` ndani ya `team-stats`. Majina yanatofautiana, maswali ni yale yale.

Kuna hali mbili zaidi zinazostahili kutengewa nafasi hata kama hutaziona mara kwa mara. Mechi iliyovunjika dakika ya 70 ina mabao halali kabisa kwenye mlisho, lakini si matokeo. Kwenye mfano wangu nimeyaficha, mwingine angeyaonyesha akiweka neno "imevunjika" pembeni, na sina ugomvi naye. Halafu kuna ushindi wa mezani. Timu haikutokea, kamati imekaa, imetoa pointi tatu na mabao matatu. Mlisho utakuambia 3–0, na ukiichapa hivyo hivyo, msomaji atatafuta wafungaji asiwaone. Ongeza neno "mezani" na umemaliza kazi.

Muda wa kuanza ndio uwanja wa pili wa makosa, na kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili unahitaji uangalifu mara mbili. Milisho mingi hutoa muda kwa UTC, saa ya rejea ya dunia. Ile herufi Z mwishoni mwa `15:00:00Z` ndiyo ishara yake. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa 3 mbele ya UTC, hivyo fainali ile ilianza saa 18:00, yaani saa 12 jioni, sawasawa na saa za Qatar yenyewe. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ziko saa 2 mbele, Muscat saa 4. Kama una wasomaji wa pande zote hizo, usiandike saa bila kutaja ni za wapi.

Usifanye hesabu ya kujumlisha 3 kwa mkono. Mfano mzuri ni mechi za Uingereza za Jumamosi, zile za saa 15:00 za London. Majira ya baridi zinaangukia saa 12 jioni kwetu. Uingereza wakisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, mechi ile ile ya 15:00 inakuwa saa 11 jioni, na mwishoni mwa Oktoba inarudi. Wenye vibanda vya kuonyeshea mpira wanaijua hesabu hii kwa moyo. Programu yako haiijui mpaka uipe jina la ukanda wa saa badala ya namba.

```
function saa($wakati) {
    $tarehe_tupu = strlen($wakati) <= 10;
    $t = new DateTime($wakati, new DateTimeZone('UTC'));
    if ($tarehe_tupu) return $t->format('j/n');
    $t->setTimezone(new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam'));
    $h = (int) $t->format('G');
    $saa = ($h + 6) % 12;
    if ($saa === 0) $saa = 12;
    $kipindi = match (true) {
        $h < 4  => 'usiku',
        $h < 6  => 'alfajiri',
        $h < 12 => 'asubuhi',
        $h < 16 => 'mchana',
        $h < 19 => 'jioni',
        default => 'usiku',
    };
    return 'Saa ' . $saa . $t->format(':i') . ' ' . $kipindi;
}
```

Hesabu ya kati ni rahisi: jumlisha 6, toa 12 mpaka ibaki chini ya 12, na sifuri ikitokea iite 12. Saa 16:00 inatoa 10, yaani saa 10 jioni. Saa 19:00 inatoa 1, saa 1 usiku. Saa 6:00 inatoa saa 12 asubuhi. Mipaka ya vipindi ni yangu. Mtu wa Mombasa anaweza kudai alasiri yake kuanzia saa 9 na asikosee. Kinachotakiwa ni kwamba "saa 3" haiachwi peke yake, kwa sababu kuna saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, na mechi huchezwa nyakati zote mbili. Kipande cha `match` kinahitaji PHP 8; kama seva yako bado iko nyuma, andika `if` mfululizo.

Mstari wa tarehe tupu una sababu yake. Mechi ambayo saa yake haijapangwa mara nyingi huja na tarehe peke yake, kama dabi kwenye mfano wetu. PHP ikiisoma inaiwekea usiku wa manane wa UTC, unabadilisha kwenda Dar es Salaam, na ukurasa unatangaza kwa kujiamini kabisa kwamba Yanga na Simba watacheza saa 9 usiku.

Tarehe nayo huhama. Mechi inayoanza saa 20:00 mjini New York wakati wa kiangazi ni saa 00:00 UTC ya siku inayofuata, na kwetu ni saa 9 usiku. Ukiipanga ratiba kwa tarehe za mji wa mechi bila kuzibadilisha, utaweka chini ya Jumamosi mechi ambayo shabiki wako ataikuta Jumapili. Kiswahili kina msemo ulionyooka kwa saa hizo, "usiku wa kuamkia Jumapili", na ningeuongeza kwenye kazi ya `saa` kwa mechi zote za kabla ya saa 10 alfajiri. Hutaukuta kwenye maktaba yoyote ya programu.

Muda wenyewe pia unaweza kubadilika mechi ikiwa mlangoni. Mei 8, 2021, dabi ya Simba na Yanga iliyopangwa saa 11 jioni ilisogezwa hadi saa 1 usiku siku hiyo hiyo. Yanga walifika uwanjani kwa saa ya awali, wakasubiri, wakaondoka, na mchezo haukuchezwa mpaka Julai 3, Yanga waliposhinda 1–0. Tovuti inayochukua ratiba mara moja kwa siku ingebaki na saa 11 mpaka kesho yake. Kwa hiyo siku yenye mechi, chukua mlisho wa ratiba mara nyingi kama ule wa matokeo, na utambulishe mechi kwa namba yake ya `id`, kamwe si kwa tarehe na majina ya timu. Tarehe ikihama, mechi iliyotambulishwa kwa tarehe inazaliwa mara ya pili kwenye hifadhidata yako, na sasa una dabi mbili.

Majina yana usumbufu wake mdogo. Muuzaji wa Ulaya atakuandikia "Young Africans" na wasomaji wako wanasema Yanga. Tengeneza jedwali dogo la namba za timu na majina unayoyataka, na kitanzi kiangalie humo kwanza; kisipoona, kitumie jina la mlisho. Milisho mingine hata haiweki jina ndani ya mechi, inaweka namba tu, na majina yote yako chini kabisa ya faili. Hapo utahitaji vitanzi viwili: cha kwanza kukusanya majina, cha pili kuchapa mechi. Herufi zenye alama, kama zile za Ødegaard, zikitokea kama matambara, kagua mstari wa kwanza wa XML unadai ni UTF-8 au ISO-8859-1, kisha kagua ukurasa wako unadai nini.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana, ya kugeuza SimpleXML kuwa JSON na kuirudisha kama safu ya PHP ya kawaida. Inafanya kazi vizuri Jumamosi, siku ya mechi 8. Jumatatu kuna mechi moja tu, na ule mgeuzo, ukikuta lebo moja, hautengenezi orodha ya kitu kimoja. Unatoa kitu chenyewe. Kitanzi kinaanza kupita ndani ya timu na mabao badala ya mechi. Kaa na SimpleXML, ambayo kwake mechi moja au mia ni kitanzi kile kile. Na kama lebo zina kiambishi chenye nukta mbili, mfano `spt:mechi`, usishangae kitanzi kikirudi mikono mitupu: lazima umtaje mwenye kiambishi kwa `children('spt', true)`.

Faili la msimu mzima lenye takwimu za kila pasi linaweza kufika mamia ya megabaiti, na SimpleXML hubeba yote kwenye kumbukumbu kwa mpigo. Kwa hilo tumia XMLReader, inayosoma mbele lebo kwa lebo. Kwa matokeo ya siku huihitaji.

Kuhusu haki: Machi 1, 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Football Dataco dhidi ya Yahoo, iliamua kwamba ratiba ya mechi hailindwi na hakimiliki kwa sababu tu watu wametoka jasho kuiandaa. Usiichukulie kama ruhusa ya kuchota mlisho wa mtu. Hukumu hiyo ni ya Ulaya, na ukishapewa ufunguo wa huduma, unabanwa na mkataba ulioukubali. Humo ndimo utakuta kama unaruhusiwa kuyaonyesha hadharani, kwa kuchelewa kiasi gani, na kama lazima umtaje muuzaji.

Kabla ya kuweka ukurasa hewani, hifadhi mafaili machache ya majaribio kwenye kompyuta yako: siku isiyo na mechi, siku ya mechi moja, mechi iliyoahirishwa, mechi ya penalti, mechi inayoendelea ikiwa 0–0 kweli, na faili lililokatwa nusu. Yapitishe yote kwenye kitanzi kimoja kimoja. Lile la 0–0 la kweli lisisahaulike, kwa sababu anayejilinda na sifuri za uongo kwa kuandika `if (!$w)` huishia kuficha na za kweli; PHP inalihesabu andiko "0" nalo kuwa uongo.

Chini ya jedwali weka mstari mmoja unaosema matokeo yalichukuliwa saa ngapi, ukiusoma kutoka kwenye muda wa faili lako, wala si saa ambayo msomaji amefungua ukurasa. Muuzaji akikatika dakika ya 60, ukurasa utaendelea kuonyesha 1–0 huku mpira ukiwa umeshafika 1–2, na mstari huo ndio pekee utakaomwambia msomaji kwamba habari yake ni ya saa 12:05 jioni. Ukitaka, acha programu iupake rangi nyekundu ikipita dakika 5 bila faili jipya wakati kuna mechi inayoendelea, na ikutumie ujumbe wewe mwenyewe.